Nilivyolitafutia Bega Langu Daktari

Waliokuwepo chumbani kwa daktari siku ile ni hawa. Mimi Minza, niliyekuwa mpishi wa shule ya bweni hapa Bariadi. Mwanangu Kabula, wa tatu kuzaliwa, anayeuza dagaa Lamadi. Mbuke, tuliyesonga naye ugali sufuria moja tangu tuna watoto wa kubeba mgongoni, na ambaye hakuna mtu aliyemwalika. Nesi Felista, mwenye sauti ndogo. Daktari Anjela, bingwa wa mifupa, kwao Kilimanjaro. Na mkwe wangu, mume wa Kabula, aliyekuwa amesimama kageukia ukuta. Mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kulitamka jina lake, mbele yake wala nyuma yake, kwa hiyo kwa sasa namwandika hivyohivyo, mkwe.

Daktari Anjela alifunua kanga begani kwangu, akainua mkono wa kulia kadiri ulivyokubali, akaangalia kwapani. Akaangalia tena kwa tochi. Akaushusha taratibu, akanifunika.

"Mama," akasema, "leo hatufanyi."

Tulikuwa tumemtafuta daktari huyo tangu pamba inapandwa hadi pamba inavunwa. Tumbo langu lilikuwa tupu kama walivyoagiza. Ndiyo maana naandika, ili ninyi mliobaki jikoni, Holo, Nyamizi na hao wapya, mjue bega linaharibikaje, daktari wake anatafutwaje, na kwa nini mtu anaweza kufika mlangoni pa chumba cha upasuaji akarudishwa. Lakini nikianzia hapo mtasema bibi kamimina unga maji hayajachemka. Ngoja nirudi jikoni.

Nilianza kazi na mtoto wa pili mgongoni. Shule niliishia darasa la nne, kusoma vizuri nikaja kumalizia elimu ya watu wazima. Mpishi mkuu alikuwa Mama Restituta Ngolo, mfupi, mwenye vifundo vya mikono kama vya mpiga jembe la ng'ombe. Hakuniuliza najua kupika nini. Aliniambia, "Osha sufuria ile." Sufuria yenyewe ungelaza ndama ndani yake. Niliingia nusu mwili, nikasugua kwa mchanga na majivu. Nilipotoka akaingiza mkono, akapapasa pale chini panapokutana na ubavu, akatoa ukoko kwenye ukucha. Akanionyesha bila neno. Nikarudi ndani.

Mwiko wetu ulikuwa wa mninga, ulinifika kifuani, kichwa chake kipana kama jembe. Aliuchonga Mzee Luhende, mpasua kuni. Mpini tuliupaka mafuta ya mbegu za pamba kila Jumamosi ili usipasuke wala usitoe vibanzi. Msumari hatukuruhusu. Ukilegea, umelegea, unachongwa mwingine.

Ugali wa shule hausongwi na mtu mmoja. Mnasimama wawili, uso kwa uso, sufuria katikati. Huyu akisukuma, yule anavuta, kama watu wa msumeno. Mwenzangu alikuwa Mbuke. Yeye ni wa mkono wa kushoto, mimi wa kulia, kwa hiyo tulikwenda vizuri kama jozi ya maksai, na tuligombana vilevile. Mama Restituta alikuwa anapita nyuma yetu na kijiti, anatugonga kiwiko.

"Kiwiko kikae ubavuni," anasema. "Mkono ni wa kushika tu. Kiuno ndicho kinachosonga."

"Mimi sina kiuno, mama," Mbuke anamjibu. "Nimezaa sita."

"Basi songa na hao sita."

Ili kiwiko kikae ubavuni, ni lazima usimame juu ya sufuria. Tulikuwa na benchi la mti, zito, la kusimamia. Likumbukeni benchi hilo. Ukisimama chini unasukuma kwa bega, na bega halikuumbwa kusukuma unga wa dona wa watoto wote wale, asubuhi na mchana, muhula hadi muhula.

Sasa, kuna mwaka mvua za masika zilinyesha mpaka kuni zote zikalowa. Watoto wa kidato cha nne walikuwa na mtihani wa majaribio. Moshi ulijaa hadi hatukuonana, maji yamekaa tu, hata povu hakuna. Mwalimu wa zamu anachungulia dirishani kila saa kama mtu anayesubiri ng'ombe azae. Mbuke akatazama huku na huku, akachukua shoka, akalipasua benchi, akalitia motoni. Mpaka leo anakataa, anasema ni Mzee Luhende. Mzee Luhende hayupo duniani, hawezi kujitetea. Watoto walikula.

Tuliahidiwa benchi jingine. Tukaletewa tofali. Kisha likaja jiko jipya la kujengwa, lile linalokula kuni chache, nalo lilikuwa refu kuliko mafiga yetu. Moshi ulipungua, wageni wakaja wakapiga picha. Hakuna aliyepima kwamba sufuria imepanda na sisi tumebaki chini. Tangu hapo kiwiko changu kilikuwa kinapanda juu ya bega kila nikisukuma. Mama Restituta alikuwa ameshastaafu, hakuna kijiti cha kunigonga. Nikasonga hivyo miaka mingi. Holo, nakuambia wewe kwa jina: kabla hujamfundisha mtu mwiko, mtafutie pa kusimama.

Maumivu yalianza kama ya kulalia mkono. Mkandaji mmoja wa Ngulyati, Mzee Gamaya, alinikanda, yakatulia, yakarudi. Nikapewa vidonge, nikachomwa sindano begani, nikapata nafuu ya msimu. Halafu siku moja tunageuza maharage, kitu ndani ya bega kikaachia, kama kamba ya ndoo inayokatika kisimani. Haikuuma sana. Ila nilipotaka kufuta jasho, mkono haukupanda. Niliuambia panda, ukakaa.

Nikastaafu mwisho wa muhula ule. Nilifikiri nikipumzika utarudi. Haukurudi. Kijiko kilikuwa kinaishia kifuani, halafu mimi ndiye nashusha kichwa kukifuata, kama kuku anakunywa maji. Kilemba nilifungwa. Mgongo nilisuguliwa. Mwanamke niliyelisha watoto wa watu, nikawa nakatiwa tonge. Na mimi si mtu wa kukaa. Asubuhi nilikuwa natembea kutoka kibandani hadi kwenye zizi, kutoka zizini hadi barabarani, majirani wanafikiri nimepoteza mbuzi.

Hospitali ya hapa kwetu nilipigwa picha na Daktari Maiko, kijana mpole. Mbuke alikuwepo. Daktari alikunja ngumi, akaiweka kwenye kiganja chake cha pili.

"Bibi, ngumi hii ni kichwa cha mfupa wa mkono wako. Kiganja hiki ni bega. Kano zilizokuwa zinaishikilia ngumi zimekatika, tena kitambo. Sasa ngumi imepanda, inasaga dari. Bega la bandia la kawaida halitakusaidia, maana nalo linategemea kano hizohizo. Unahitaji lile la kugeuza. Mpira unafungwa huku begani, na kikombe kinawekwa huku mkononi."

"Kinyume," Mbuke akasema.

"Ndiyo, kinyume."

"Kwa hiyo akitaka kunipungia atakuwa ananiita?"

Daktari alicheka, mimi sikucheka. Nilimuuliza nani anafanya kazi hiyo. Akasema hapa hakuna, na hata Mwanza ni wachache. Ila alinipa maneno ya kwenda nayo, na ninyi yashikeni, maana mabega yenu nayaona.

"Usiulize kama daktari anajua kupasua bega. Wengi wanajua. Uliza hili la kugeuza amelifanya yeye mwenyewe au ameliona tu, na waliotoka kwake wanainua mkono au hawainui. Uliza kama msuli huu mkubwa wa nje bado uko hai, kwa sababu bega jipya litabebwa na huo. Na uliza nani atakusimamia mazoezi ukirudi nyumbani. Bila mazoezi utakuwa na jembe jipya lililotundikwa ukutani."

Basi nikahamia Lamadi kwa Kabula, karibu na barabara ya Mwanza. Sikulala nyumbani kwake, nilipangishiwa chumba kwa jirani yake Mama Tabu. Hapa inabidi nieleze kwa wale wapishi waliotoka mikoa mingine. Kwetu Wasukuma, mama mkwe na mkwe wa kiume wana heshima kali. Hatuli pamoja, hatutazamani usoni, nikimwona njiani ninapinda au anapinda yeye. Siku hizi wa mjini wamelegeza, wanapeana hadi mkono. Sisi hatukulegeza. Mkwe wangu anaendesha lori la dagaa, anayajua Mwanza yote, na simu yake haiishi chaji. Kwa hiyo ndiye aliyekuwa anapiga simu za kutafuta daktari, na ndiye aliyekuwa haruhusiwi kuniambia alichojibiwa. Kabula akiwepo, anapitisha maneno. Kabula asipokuwepo, mkwe anasimama nje ya chumba changu, anaongea na mlango.

"Mlango, mwambie mama gari linaondoka saa mbili."

"Mlango, mwambie nimesikia," namjibu.

"Mlango, muulize Mama Mbuke naye anaenda?"

"Mlango," Mbuke anadakia, "mwambie nimeshakaa kwenye gari."

Daktari wa kwanza tuliyemwona Mwanza jina lake nalikumbuka, ila naliacha, maana hakunikosea. Alikuwa mchangamfu, ameunga miguu ya watu wengi wa bodaboda. Nilimuuliza lile la kugeuza. Akasema, "Naweza kujaribu." Mbuke akasimama hapohapo, akachukua mkoba wangu. Nje akaniuliza, "Wewe uliwahi kumpa mtu sufuria ajaribu?"

"Nilimpa Holo."

"Na ule ugali uliliwa na nani?"

Uliliwa na nguruwe wa shule. Holo usikasirike, wewe sasa ni mpishi mkuu.

Wa pili alikuwa Daktari Gervas, mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi. Huyo alinishika bega, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi sijafanya hata moja. Nimesimama nikaangalia mwenzangu. Kuangalia si kufanya, mama." Nilitamani yeye ndiye angekuwa anafanya. Ndiye aliyetutajia Daktari Anjela. Nilimuuliza waliotoka kwake wanainua mkono? Akasema wengi wanainua, mmoja yuko Nassa, Mama Kwandu, akampigia, akakubali tumtembelee.

Tulimkuta Mama Kwandu anapepeta mpunga. Tulisalimiana mwangaluka, tukakaa, tukapewa maji. Mimi sikuweza kungoja mazungumzo yaive. Nikamwambia, kwa heshima ya mama, "Mayu, nisamehe, naomba uinue." Akaweka ungo chini, akainua mkono wa kulia, akatoa kibuyu kwenye ndoano ya ukutani. Kovu lake lilishuka mbele ya bega, jembamba. Nikamwambia ainue tena. Akainua. Mara ya tatu akasema, "Mayu, kibuyu kitachoka."

Alinieleza na ya upande wa pili. Mkono hauendi nyuma vizuri, kujifunga sidiria ni shida. Ndoo nzito hashiki. Mwanzoni alilia kila siku kwa mazoezi. Na alikuwepo mwenzake hapo wodini ambaye kidonda kiliingia wadudu, wakamfungua upya. "Usidharau usafi wanaokuagiza," akasema. Nilisikia vizuri sana neno hilo, usafi. Lilikuja kuniponza.

Daktari Anjela hana maneno mengi. Aliweka vidole vyake juu ya bega langu, akanishika kiwiko, akasema, "Sukuma nje." Nikasukuma. Akasema, "Tena." Nilimwona anasikiliza kwa vidole, kama Mama Restituta akipapasa sufuria. Akasema, "Msuli uko hai." Nilimuuliza yale ya Daktari Maiko, akayajibu yote, hata waliokwenda vibaya aliwataja kuwa wapo. Nikapimwa damu, nikapigwa picha nyingine. Akatuambia kiungo hicho hakikai hospitali. Kinaletwa kutoka Dar pamoja na vyombo vyake, wagonjwa wakifika kadhaa, kisha vinarudi. Ukikosa siku yako, unangoja awamu nyingine. Na msuli usiotumika unazidi kunyauka, hilo pia alilisema.

Sasa mjue kilichotokea. Siku chache kabla ya kwenda, Kabula alikuwa kwenye msiba Ngulyati. Nesi Felista akapiga simu ya maagizo, akapokea mkwe. Maagizo yalikuwa haya: mama aoge kila siku kwa sabuni ya dawa tuliyopewa, asinyoe kwapa, asijichanje popote, asikandwe, asipake mafuta. Ngozi ikikwaruzwa, wadudu wanapata mlango, na wadudu wa kwapani ndio wanaopenda bega la bandia.

Kwapa la mama mkwe. Kwetu mwanaume halitaji hilo, hata kwa mlango.

Alikuja akasimama nje, akakohoa sana. Mwisho akasema, "Mlango, mwambie mama hospitali wanataka mahali pale pawe pasafi. Pasafi mno."

"Mlango, mwambie patakuwa pasafi."

"Mlango, mwambie basi... paachwe hivyo. Pasafi." Akaondoka haraka.

Mimi na Mbuke tumesafisha masufuria maisha yetu yote. Mtu akituambia pasafi mno, tunajua la kufanya. Mbuke akanunua wembe mpya, akanyoa kwapa mpaka likang'aa. Akasugua kwa dodoki. Akapaka samli kidogo pasiwashe. Tukajipongeza. Siku ya safari pakawa na mikwaruzo na vijipu vidogo vyekundu kama punje za mtama, na mimi nikafikiri ni dalili kwamba pamesuguliwa sawasawa.

Sasa tumerudi pale mlipotuacha, chumbani kwa daktari.

"Nani alipokea maagizo?" Daktari Anjela akauliza.

Nesi Felista akamtazama mkwe. Kabula akamtazama mkwe. Mkwe akauambia ukuta, "Ni mimi."

"Ulimwambia mama asinyoe?"

"Nilimwambia pawe pasafi."

"Nimeuliza kama ulimwambia asinyoe."

Jasho lilikuwa linamshuka shingoni, niliona, na kumwona tu lilikuwa kosa. Daktari akasema, "Kwa nini kijana huyu anaongea na ukuta?"

"Huo ni ukuta mgeni kwake," Mbuke akasema. "Nyumbani anaongea na mlango."

Kabula akamweleza daktari desturi. Hakucheka wala hakutudharau. Aliuliza Kabula anakuwa nyumbani saa ngapi. Kabula akasema alfajiri yuko mwaloni, mitumbwi ya dagaa inapotia nanga, anarudi jioni, siku nyingine yuko Nassa. Akauliza nani yuko nyumbani mchana. Mkwe, maana lori linatembea usiku; Mbuke anakuja na kurudi kwake.

"Basi sikilizeni," daktari akasema. "Ngozi itapona, hilo si kazi. Lakini nikiweka bega hili, mama atakuwa na mkono umefungwa wiki nyingi, kisha mazoezi kila siku. Kuna namna ya kuuweka mkono ambayo ukikosea bega linachomoka. Lazima awepo mtu nyumbani wa kumwambia, hapana, si hivyo, rudisha. Mtu wa kumwambia yeye, si mlango. Mkiwa naye, mnarudi. Msipokuwa naye, ni afadhali mama akae na bega lake bovu."

Tulirudi Lamadi. Mimi nilikaa mbele ya lori lake, mkwe akashuka akampa usukani rafiki yake, dereva mwenzake, ili tusikae kiti kimoja, akapanda nyuma na magunia. Nikawaza, nimepata daktari, nimepata msuli ulio hai, na kinachonizuia ni adabu yangu mwenyewe. Na adabu si kitu cha kutupa kwenye moto kama benchi. Nikiitupa, watoto wa Kabula watajifunza nini?

Sikulala Lamadi. Nilikwenda Bariadi kwa shemeji yangu Maduhu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Nilifikiri atakataa mimi na mkwe tusemezane. Hata lile bega la kugeuza lilikuwa halimpendezi. Alinisikiliza anatafuna kijiti, kisha akaniuliza, "Shemeji, ukiwa na mkono, utaenda kusonga ugali tena?"

"Hapana, wamenikataza."

"Utaufanyia nini?"

"Nitakula."

Akatema kijiti. "Heshima haivunjwi," akasema. "Inapunguzwa. Baba yangu alipunguziwa alipopofuka, mkwewe akawa anamshika mkono hadi msalani. Mwite huyo kijana."

Kijana alikuja na beberu na kitenge cha kunifunika mabegani. Waliokuwepo ni Maduhu, mkewe Milembe, Kabula, Mbuke na mimi. Kitenge alinipa Milembe kwa niaba yake. Upande wangu ilikuwa nimnawishe mkwe maji, nimwite kwa jina, kisha tule sahani moja.

Kumnawisha mtu kwa kushoto ni kumtukana, mnajua. Na kulia kwangu hakukupanda. Nilishika kopo la maji kwa kulia, nikaingiza kushoto chini ya kiwiko, nikakiinua kama unavyoinua mtoto aliyelala. Kopo lilitetemeka, maji yakamwagika miguuni kwake. Mbuke alitaka kusaidia, Maduhu akamzuia. Yule kijana alipiga magoti, akaleta mikono yake chini, mahali kopo lilipoweza kufika.

"Shija," nikasema, "nawa."

Miaka yote nilikuwa nalijua. Ni jina la mtoto aliyefuata mapacha, kwao wako Kulwa na Doto. Ila mdomoni lilikuwa geni, kama chakula cha hospitali.

Alinawa. Aliinua uso, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza, nami nikamtazama. Ana kovu dogo juu ya nyusi, nilikuwa sijui. Neno lake la kwanza kuniambia mimi, bila mlango, bila ukuta, bila Kabula, ni hili:

"Mama, usinyoe kwapa."

Milembe alidondosha sahani. Maduhu alicheka mpaka akakohoa. Shija mwenyewe hakucheka, aliendelea mpaka mwisho kama mtu anayeshusha mzigo: sabuni ile, kila siku, usikandwe, usipake samli, usijichanje. Nikamshukuru, "Wabeja, Shija. Nimesikia."

Awamu iliyofuata ngozi ilikuwa imepona na Daktari Anjela alitupokea. Ya chumba cha upasuaji siyajui, nilipewa usingizi. Nilipoamka mkono haukuwepo, nikapapasa kwa kushoto, nikaukuta umefungwa tumboni, umelala kwa ganzi. Ganzi ilipoisha nilijua kweli nimepasuliwa. Yaliyofuata si ya kuandika kwa urefu. Nililala nimeegemea mito, si chali. Nilikasirika sana. Kukaa bila kufanya kitu ni kazi ngumu kuliko jiko la kuni mbichi.

Shija alinisimamia. Na mtu aliyenikimbia njiani miaka yote akageuka kuwa askari.

"Mama, mkono usiende nyuma."

"Nakuna mgongo."

"Mgongo atakukuna Mama Mbuke. Rudisha mkono mbele."

"Shija, wewe ulikuwa na adabu zamani."

"Ilipunguzwa, mama. Telezesha mkono juu ya meza. Mbele zaidi. Hujafika."

Nililia, alingoja, akasema tena hujafika. Mkono ulitoka tumboni ukafika mezani. Ukafika kidevuni. Kuna wiki ulikataa kabisa, nikasema daktari tumekosea, Shija akapiga simu palepale mbele yangu, akauliza, akaniambia yote aliyojibiwa, pamoja na yale yasiyopendeza: kwamba mwingine huishia hapo. Hakupunguza. Nilimshukuru kwa kutopunguza. Tukaendelea.

Nilipokwenda kuonwa mara ya mwisho, Daktari Anjela alisema, "Haya, mama." Niliinua. Ulipita kidevu, ukapita sikio, nikashika kilemba changu juu ya kichwa, nikakivuta kikae sawa. Hauendi nyuma, na wala ndoo siinui. Asubuhi hii nimekula uji na kijiko kimekuja mdomoni, shingo imekaa ilipo. Nikajisikia mgeni, maana nilishazoea kuinama, na uji ukanichafua kifua.

Majina niliyoyaandika nina hakika nayo. Nisichokuwa na hakika ni mpangilio: pengine Mama Kwandu tulimwona kabla ya Daktari Gervas, na huenda kwenye kupunguza heshima palikuwa na mtu mwingine ameketi nyuma ya Milembe nikamsahau. Aliyekuwepo na anakumbuka tofauti anirekebishe, sitakasirika, wala asimtume mtu mwingine anifikie kwa kuzunguka. Mimi simu sina. Apige kwa Shija, amwambie kama lilivyo. Ataniambia lote.